Sasisho la Windows Likigoma: Namna ya Kulitibu Bila Kupiga Windows Upya

Kompyuta ya ofisi ikishindwa kusasishwa mara mbili tatu, mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Kazi hiyo hula nusu siku na huondoa programu ya uhasibu iliyosajiliwa kwa mashine ileile. Mara nyingi kosa hurudi mwezi unaofuata, kwa kuwa chanzo hakikuguswa. Windows yenyewe husema inaumwa wapi, kwa namba inayoanza na 0x. Anza na namba hiyo, kisha panda kutoka tiba nyepesi kwenda nzito. Hatua hizi ni za Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Nakili namba ya kosa

Fungua Settings, ingia Windows Update, kisha Update history. Andika jina la sasisho (herufi KB na tarakimu zake), namba ya kosa na tarehe. Piga na picha ya skrini kwa simu, maana hatua ya 5 itafuta orodha hiyo. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, uone toleo.

Toleo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyoandikishwa kwenye mpango wa nyongeza ya usalama haipati tena masasisho ya kila mwezi. Hapo hakuna kilichoharibika cha kutengeneza. Kuna uamuzi wa kufanya. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na kompyuta nyingi za zamani hukwama kwenye hiyo TPM au kwenye prosesa.

Hatua ya 2: Saa, nafasi na kuwasha upya

Chagua Restart, usichague Shut down. Kwenye mashine nyingi Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake haraka, kwa hiyo kazi iliyosubiri kuwashwa upya inaweza kubaki ikisubiri wiki nzima.

Tazama saa na tarehe. Kosa 0x80072f8f hutokea mashine inapodhani tuko mwaka mwingine, kwa sababu vyeti vya usalama vya seva za Microsoft huonekana havifai. Ukirekebisha tarehe na kesho yake imerudi nyuma tena, betri ya ubao mama imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani nyingi ni CR2032, ile ya duara inayouzwa duka lolote la saa. Zima, chomoa waya wa umeme, ibadilishe, kisha uweke tarehe sahihi.

Nafasi ikiwa finyu utapata 0x80070070. Hakikisha diski C ina angalau GB 10 tupu kwa sasisho la mwezi, na GB 20 au zaidi kwa kuhamia toleo jipya. Fungua Settings, System, Storage, Temporary files. Hapa kuwa mwangalifu sana: katika orodha ile limo folda la Downloads. Makarani wengi huacha humo barua na risiti za ofisi, na ukiweka alama ya vema bila kusoma, zimekwenda. Liache. Kama bado hapatoshi, amri `powercfg /h off` katika kidirisha cha amri cha msimamizi (Command Prompt, Run as administrator) huondoa faili la kulaza mashine na kurudisha GB kadhaa. Usiitumie kwenye kompyuta mpakato ambayo mtumiaji wake huilaza kwa njia hiyo.

Hatua ya 3: Mtandao

Namba 0x80072ee2 maana yake mashine iliita seva ikasubiri hadi muda ukaisha. 0x8024402c mara nyingi huashiria proksi (seva ya kati inayopitisha mtandao) au jina la seva lisilopatikana. Ofisi inayotumia hotspoti ya simu au MiFi itazame jambo moja kwanza: je, muunganisho umewekwa kuwa Metered? Ukiwa hivyo, Windows hubana bando na kuahirisha upakuaji mkubwa. Uondoe kwa muda wa kusasisha, kisha uurudishe.

Kivinjari kufunguka vizuri si ushahidi kwamba huduma ya kusasisha inapita, kwa kuwa ina mipangilio yake ya proksi. Fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

`netsh winhttp show proxy`

Ukiona anwani ya proksi ambayo ofisi haiitumii tena, andika `netsh winhttp reset proxy`.

Kuna pia suala la foleni. Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, ofisi zimefungwa. Jumatano asubuhi kompyuta zote huwashwa pamoja na kugombania laini moja. Katika Advanced options fungua Delivery Optimization, uruhusu kupokea kutoka vifaa vya mtandao wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, jirani zake huchota kwake kupitia mlango TCP 7680, mradi ukuta wa moto haujaufunga.

Hatua ya 4: Amri zilizoachwa na mwenye mashine wa zamani

Kompyuta iliyonunuliwa kutoka ofisi nyingine inaweza kuwa bado imeelekezwa kwenye seva ya masasisho ya kule ilikotoka. Andika:

`reg query HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate`

Ukiona WUServer (mstari unaotaja seva ya masasisho) yenye anwani usiyoitambua, umempata mkosaji. Kama mashine iko chini ya kitengo cha TEHAMA cha taasisi yako, usifute kitu, waulize kwanza. Kama ni yenu wenyewe, hifadhi nakala ya ufunguo huo wa rejista (WindowsUpdate), uufute, kisha uwashe mashine upya.

Chunguza pia faili `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Vijiprogramu vya kufungua Windows bila leseni huweza kuandika humo mistari ya kuzuia seva za Microsoft, au kuzima huduma ya kusasisha kabisa. Mashine iliyopitia mikono hiyo hatuwezi kuiamini, na hii ndiyo hali pekee ambayo tungeanza moja kwa moja na Windows safi yenye leseni.

Hatua ya 5: Safisha ghala la upakuaji

Faili lililopakuliwa nusu, hasa umeme ulipokatika, hufanya sasisho lijaribu na kuanguka palepale kila siku. Kwenye kidirisha cha msimamizi:

`net stop wuauserv`
`net stop bits`
`net stop cryptsvc`
`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old`
`ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old`
`net start cryptsvc`
`net start bits`
`net start wuauserv`

Amri ya `ren` ikikataliwa, moja ya huduma imejiwasha tena; izime na urudie amri hapohapo. Kumbuka kwamba kila kitu kitapakuliwa upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana hatua hii haiji kwanza: kwa ofisi ya bando, kuifanya bila sababu ni kuchoma fedha. Sasisho likishaingia, futa yale mafolda yenye .old.

Hatua ya 6: Tengeneza mfumo wenyewe

Makosa 0x80073712 na 0x800f081f husema ghala la vipande vya Windows limeharibika au linakosa kitu. Fuata mpangilio huu, maana amri ya pili huchota vipande vizima kutoka ghala linalotengenezwa na ya kwanza:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

DISM inaweza kuganda kwenye asilimia ileile kwa dakika nyingi. Iache. Ikisema haikupata chanzo, pakua ISO (faili moja lenye vyote vya kuwekea Windows) ya toleo lilelile la Windows, ifungue kwa kuibofya mara mbili (tuseme imekuwa diski D), kisha uorodheshe yaliyomo:

`DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim`

Chukua namba ya aina yako, Home au Pro, uiweke badala ya 6 katika amri hii:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:6 /LimitAccess`

Kosa 0x80070643 lina habari yake. Januari 2024 sasisho KB5034441 la Windows 10 lilianguka kwenye mashine nyingi kwa sababu sehemu ya uokoaji ya diski haikuwa na MB 250 tupu. DISM haisaidii hapo. Sehemu hiyo lazima ipanuliwe, na hilo halifanywi bila nakala kamili ya data.

Hatua ya 7: Ingiza kwa mkono

Ingia tovuti ya Microsoft Update Catalog, tafuta namba ya KB, chagua toleo lako na aina ya prosesa (x64 kwa kompyuta nyingi). Faili la .msu unalipakua mara moja, unaliweka kwenye flashi, unazunguka nalo mashine zote za toleo hilo. Linakili kwanza kwenye diski C, kisha libofye mara mbili.

Likifika mwisho halafu Windows ikaanza kurudisha mabadiliko, usizime hata ikichukua saa nzima. Baadaye chomoa printa, flashi na diski za nje, ondoa antivirusi isiyo ya Windows, jaribu tena. Mashine ya mezani iwe kwenye UPS.

Hatua ya 8: Kupachika Windows juu ya ileile

Kabla ya hapa hifadhi data, na kama BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data ya diski) inafanya kazi, nakili ufunguo wake wa uokoaji kwa `manage-bde -protectors -get C:` na uuweke nje ya mashine hiyo. Fungua ISO ukiwa ndani ya Windows, endesha setup.exe, chagua kubakisha faili na programu. Chaguo hilo likiwa limefifia, lugha au aina ya ISO hailingani na iliyomo. Pakua inayolingana, usiendelee hivyohivyo. Ikishindwa, sababu imeandikwa katika `C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther\setuperr.log`. Soma kuanzia mistari ya mwisho, na mara nyingi utakuta jina la draiva au programu iliyozuia.