Mahindi na Maharagwe Hayatumii Jua kwa Namna Moja

Julai ikifika, mahindi mengi Dagoretti na Ruai, viungani mwa Nairobi, hudumaa huku sukuma wiki iliyo kando yake ikinawiri. Udongo ni ule ule, samadi ni ile ile. Tatizo liko kwenye majani na baridi.

Katika usanisinuru, jani hutumia mwanga kugeuza maji na hewa ya ukaa kuwa sukari. Mimea kama mahindi, mtama na terere huikusanya hewa hiyo kwa wingi karibu na mishipa ya jani, ndiyo maana hufanya kazi vizuri kwenye jua kali na joto la nyuzi 30 hivi. Maharagwe, viazi na sukuma wiki hazina uwezo huo. Jua likizidi kiasi, haziongezi sukari, lakini baridi na mawingu huyavumilia vizuri zaidi. Nairobi, Juni hadi Agosti, mawingu hutanda siku nyingi na mahindi huchelewa kutoa majani mapya.

Kwa hivyo panda mahindi mara tu mvua ya masika inaposhika, ili yawe na majani mapana kabla ya baridi. Ukichelewa hadi Mei, afadhali shamba hilo ulipande viazi au mboga.

Pita shambani saa sita mchana. Utaona majani ya maharagwe yameinuka, ubapa umegeuzwa kando ili jua lisiyapige moja kwa moja. Usikimbilie mfereji kwa sababu hiyo pekee. Chimbua udongo kidogo kwa kidole kwanza. Mahindi nayo hujikunja yakiwa na kiu, na yakiwa bado yamejikunja asubuhi, hapo yanahitaji maji kweli.

Linaloniuma zaidi ni kuona mahindi yakichumwa majani mabichi kulisha ng'ombe punde ndevu zinapotokeza. Jani lililoshika hindi na yale ya juu yake ndiyo yanayojaza punje. Tafadhali yaache mpaka punje zikomae. Ng'ombe apewe nyasi za napia, au majani ya mahindi ya chini kabisa yaliyokwisha kuzeeka.

Majani ya chini yakigeuka manjano mapema, kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, mmea una njaa ya naitrojeni. Weka CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, na usiiache iguse shina.