Somo: Kupiga Picha Farasi wa Mwituni wa Kisiwa cha Sable

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno kwa faragha, hivyo naliandika hapa mara moja.

Hatua ya 1. Omba kibali mapema. Kisiwa hiki kiko takriban kilomita 300 kutoka Halifax, Kanada, nacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Hakuna anayefika bila idhini ya Parks Canada, shirika la serikali linalosimamia hifadhi za Kanada, na wageni hupokelewa kati ya Juni na Oktoba.

Hatua ya 2. Safisha viatu na mkoba, usije ukapeleka mbegu ngeni.

Hatua ya 3. Tenga siku za akiba, kwa sababu ndege ndogo hutua ufukweni na ukungu huizuia.

Hatua ya 4. Funga lenzi yako kwenye kamera kabla ya kushuka, kisha usiitoe tena mpaka uondoke. Mimi nilipofika niliona kundi likipita juu ya tuta, nikaharakisha kubadilisha lenzi huku nimeupa upepo mgongo, nikidhani mwili wangu unatosha kuwa kinga. Mchanga wa pale ni laini na haukomi kupeperuka. Uliingia hadi kwenye kihisi cha mwanga, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayonasa picha, na picha zote za siku ile zikatoka na madoa yaleyale angani. Usipulize ndani ya kamera kwa mdomo, wala usifute kihisi kwa kitambaa, kwani punje moja hukwaruza. Lenzi moja ya milimita 100 hadi 400 inatosha kazi yote.

Hatua ya 5. Kaa mita 20 au zaidi kutoka kwa farasi. Akikujia, rudi nyuma wewe.

Hatua ya 6. Ongeza mwanga kidogo kwenye mipangilio ya kamera, maana mchanga mweupe huifanya kamera itoe picha yenye giza.

MASWALI

Mwanachama wa Dodoma: Je, naweza kumpa farasi tufaha ili atulie nimpige picha kwa karibu?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 5.

Mwanachama wa Mwanza: Lenzi mbili si bora zaidi? Mimi hubadilisha haraka.
Jibu: Nami nilibadilisha haraka, ndugu yangu. Hatua ya 4 nimeiandika kwa sababu hiyo.

Mwanachama wa Tanga: Samahani mwalimu, kisiwa kimezungukwa na bahari, farasi hao wapatao 500 hunywa nini?
Jibu: Ahsante sana, dada. Maji ya mvua huzama mchangani na kukaa juu ya yale ya chumvi, na penye uhaba wa madimbwi farasi huchimba kwa kwato mpaka wayafikie. Ukiona shimo bichi lenye unyevu, jiweke mbali nalo, piga magoti ili kamera ilingane na kichwa kilichoinama, ulenge jicho, na usubiri. Mara nyingi anayechimba hufuatwa na wenzake, nao hungoja zamu kwa mpangilio unaofaa sana kupigwa picha.

Mwanachama wa Tanga: Na magoti yakilowa?
Jibu: Vaa suruali ya mvua, ila kagua mikunjo yake kwanza, mbegu hujificha humo.