Zana za mtandaoni kwa mwalimu wa maktaba: zijaribu kwako kwanza, ndipo uzipeleke shule

Maktaba ninayoitunza ni chumba kimoja katika shule ya sekondari upande wa Temeke. Ina kompyuta moja na feni inayopiga kelele kuliko wanafunzi, na wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuja na simu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Funguo za maktaba nilikabidhiwa tu, kama wengi wetu. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna programu nzuri mtandaoni, swali langu huwa moja: umeme ukikatika saa nne asubuhi na bando limekwisha, nitabaki na nini mkononi?

Ukitaka kufuatana nami, uwe na simu ya kawaida ya Android, akaunti ya Google na jioni chache zisizo na madaftari ya kusahihisha.

Hatua ya 1: Anza na kero moja, na uanzie nyumbani

Usiseme unataka "maktaba ya kidijitali". Hayo ni maneno ya semina. Sema, "Sijui nani ana vitabu vyangu vya Biolojia." Hapo una kazi inayoshikika. Ukishapata zana inayogusa kero hiyo, itumie wiki mbili kwa mambo yako mwenyewe. Google Sheets, programu ya kutengenezea majedwali, mimi niliizoea kwenye upatu wa kina mama wa mtaani kwetu, maana ndiye kijumbe: nani katoa, nani bado, zamu ya nani wiki hii. Nilikosea nikiwa peke yangu, na aliyenisuta alikuwa jirani tu, si mkuu wa shule.

Jambo la kujaribu mapema ni kutumia jedwali bila intaneti. Kwenye programu ya simu, gusa nukta tatu kando ya jina la faili, kisha chagua lipatikane nje ya mtandao. Zima data, andika kitu, washa data tena. Ulichoandika kikipanda chenyewe, zana hiyo inaweza kuishi na maisha yetu.

Hatua ya 2: Orodhesha vitabu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa.

Fungua jedwali jipya na uweke safu hizi: namba ya usajili (kila nakala na yake), jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN (namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kitabu), namba ya mada, rafu. Kila nakala ipate mstari wake, hata kama una nakala arobaini za kitabu kilekile, kwa sababu mwanafunzi anaazima nakala, haazimi jina.

Kabla hujaandika ISBN hata moja, chagua safu yake nzima, nenda kwenye mpangilio wa namba na uigeuze iwe maandishi ya kawaida. Ukiiacha kama namba, tarakimu 13 zinaweza kugeuka 9.78E+12, na vitabu vya zamani vyenye tarakimu 10 vinavyoanza na sifuri vitapoteza sifuri yao. Ukikuta ISBN ya zamani inaishia na X, usidhani ni kosa la uchapaji; ndivyo ilivyo. Vitabu vingi vilivyosajiliwa Tanzania vina 9976 au 9987 baada ya 978, kwa hiyo jicho likizoea, namba iliyokosewa unaiona haraka.

Namba ya mada ninaichukua kwenye mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada unaotumiwa na maktaba nyingi duniani. Chumba kimoja hakihitaji desimali ndefu: 510 hisabati, 540 kemia, 570 biolojia, 900 historia na jiografia. Ninalegeza msimamo kwenye Kiswahili tu. Lugha ni 496.392 na fasihi ni 896.392, na hizo ninaziandika kamili, maana ukiishia na 800 peke yake riwaya zetu zitachanganyika na tamthiliya za Kiingereza, na mwalimu mwenzako atazitafuta hadi kengele ya kutokea.

Gandisha mstari wa juu ili vichwa vya safu visipotee unaposhuka. Halafu tahadhari, na hii nimeilipia. Niliwahi kumpa mwenzangu ruhusa ya kuhariri, naye kwa nia njema akachagua safu ya majina ya vitabu peke yake na kuipanga kialfabeti. Majina yakahama, waandishi wakabaki palepale. Mshairi akawa ameandika Kemia ya Kidato cha Tatu. Tuliokolewa na historia ya matoleo: ipo kwenye menyu ya faili ukifungulia kompyuta, unachagua toleo la kabla ya kosa na kulirejesha. Tangu siku hiyo wengine wanapata ruhusa ya kutazama tu, na mimi nikitaka kupanga ninachagua jedwali zima.

Sasa ongeza ukurasa wa pili ndani ya faili hiyohiyo, uuite Kuazima. Safu ya A iwe namba ya usajili, B namba ya mwanafunzi, C tarehe ya kutoka, D tarehe ya kurudisha, E tarehe aliyorudisha. Kwenye D2 andika =C2+14 na uivute hadi mstari wa mwisho wenye tarehe ya kutoka; siku kumi na nne zitajihesabu zenyewe. Kisha weka mpangilio wa masharti kwenye safu ya D: tarehe iliyo kabla ya leo ipakwe nyekundu. Kitabu kikirudi, jaza E na uhamishie mstari huo kwenye ukurasa wa tatu, Vilivyorudi. Kinachobaki chekundu ni deni.

Kabla ya hayo, ingia kwenye mipangilio ya faili uangalie nchi. Ikiwa ni Marekani, 03/04 itasomwa Machi 4 wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili. Weka Uingereza, inayoanza na siku kama sisi.

Utaona nimeandika namba ya mwanafunzi wala si jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, jina la mtoto na simu ya mzazi wake havina sababu ya kuzunguka kwenye faili lenye kiungo. Majina yanakaa kwenye daftari kubwa la kaunta. Ndiyo, daftari bado ninalo, na siku ya mgao wa umeme ndilo linalofanya kazi.

Hatua ya 3: Tafuta vya kusoma, ushushe nyumbani

Kwa vitabu vya kiada, anza na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hilo halina maelezo mengi.

Kwa hadithi fupi ninatumia African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za Kiswahili zenye leseni ya Creative Commons, yaani unaweza kupakua, kuchapa na kugawa bila kuomba ruhusa, mradi uwataje waandishi na wachoraji na usome masharti ya leseni husika. Utasema hizo ni za watoto wa msingi. Kweli, lakini jaribu hivi: tafuta hadithi moja iliyopo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, chapa zote mbili, mpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza azisome kwa pamoja. Ametoka kusoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, ghafla karibu kila kitu ni Kiingereza. Hadithi ambayo maana yake tayari anaijua inamshika mkono.

Kwa marejeo kuna Kiwix, programu ya bure inayofungua Wikipedia pasipo intaneti. Unashusha faili moja ukiwa penye mtandao mzuri, unaiweka kwenye flashi, unaifungua kwenye kompyuta ya maktaba. Wikipedia ya Kiingereza nzima yenye picha ni takribani GB 100, achana nayo. Ya Kiswahili ni ndogo mno kulinganisha na hiyo, simu yako itaibeba.

Hatua ya 4: Darasani bila simu za wanafunzi

Michezo mingi ya maswali inataka kila mtoto awe na kifaa. Plickers inataka simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wa kipekee, na pande zake nne ni A, B, C na D. Unauliza swali, anainua kadi huku jibu lake likiwa juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani na majibu yanasomeka. Kwa kuwa michoro haifanani, kutazama ya jirani hakumsaidii mtu.

Jiandikishe, tengeneza darasa, badala ya majina andika namba, kisha chapa kadi. Seti ya kawaida ina kadi 40 na ile kubwa ina 63. Sisi tuna mikondo inayozidi hapo, basi ninawakalisha wawili wawili kwa kadi moja. Wanabishana kwa kunong'ona kabla ya kuiinua, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Andaa maswali usiku na uache kibando cha kutumia darasani.

Steshenari watakushauri uzitie leminesheni zidumu. Kataa ile inayong'aa: mwanga wa dirishani ukiigonga, kamera haioni kitu. Chapa kwenye karatasi nzito, na ukiona mtoto kashika kadi vidole vikiwa juu ya mchoro, mwambie ashike pembeni.