SOMO: Istilahi za sayansi kwa Kijapani, wapi pa kuanzia

Wakuu, kila mara naombwa orodha ya maneno. Orodha peke yake haikufikishi mbali, kwa hiyo naandika hapa na wengine muwaelekeze.

1. Maliza hiragana na katakana kwanza, yaani zile seti mbili za herufi za sauti za Kijapani.

2. Jifunze vipande, usimeze neno zima. 素 (so) ndicho kipande cha elementi. Kiambatanishe na maji: 水素 suiso, haidrojeni. Na makaa: 炭素 tanso, kaboni. Na uchachu: 酸素 sanso, oksijeni. Kipande 子 (shi) ni cha chembe: 原子 genshi atomu, 分子 bunshi molekuli, 電子 denshi elektroni.

3. USIHIFADHI KWA HERUFI ZA KILATINI (ROMAJI). Hapa ndipo wengi wanapoharibu. 科学 ni sayansi, 化学 ni kemia, na yote mawili husomwa kagaku. Wajapani wenyewe wakitaka kutofautisha huita kemia bakegaku. 陽子 yōshi ni protoni, ila 解答用紙 kaitō yōshi ni karatasi ya majibu. Anayejiandaa na EJU (mtihani wa wageni wanaotaka kuingia vyuo vikuu vya Japani) kwa Kijapani atakutana na masomo ya 物理 (fizikia), 化学 (kemia) na 生物 (biolojia), achague mawili. Hakuna atakayemwandikia "kagaku". Kadi yako ya kujifunzia iwe na kanji (herufi za maana kama 水素) mbele, matamshi na maana nyuma. Na ukiona ō, vuta sauti.

4. Kila neno liwe na sentensi yake.

MASWALI

– Mkuu nitumie PDF ya maneno yote.
Soma hatua ya 2.

– Sijaelewa, kwani romaji ina shida gani?
Hatua ya 3 nimeijibu kwa mifano. Isome tena.

– Naitrojeni ni 窒素 chisso. Hiyo 窒 inahusu nini?
Swali zuri sana! Ni kuziba, kukosa pumzi. Utagawa Yōan, msomi wa Kijapani aliyeanza kuchapisha kitabu chake cha kemia mwaka 1837, alifuata Kiholanzi, na Waholanzi waliita naitrojeni kitu cha kukaba pumzi, maana ndani ya naitrojeni tupu mshumaa huzimika na mnyama hufa. Suiso na sanso nayo yametoka Kiholanzi kwa njia hiyohiyo.

– Mbona sodiamu ni natoriumu?
Imepitia Kijerumani. Tazama alama kwenye jedwali la elementi: Na ni natoriumu, K ni kariumu, yaani potasiamu. Ukijua alama, neno unalo tayari.

– Naongezea: 電子レンジ denshi renji ni maikrowevu. Mimi denshi niliishika jikoni.
Safi. Ongeza na 温度計 ondokei, kipimajoto. Hiyo 計 (kei) utaikuta pia kwenye 時計 tokei, saa.