Umeacha sigara na suruali inabana? Tembea na mswaki wa mti

Ule wa kutafuna, unaouzwa na wachuuzi nje ya misikiti. Uweke kwenye mfuko uleule ilimokuwa ikikaa pakiti ya sigara. Hamu ikipanda, hasa baada ya kula au ukiwa na chai mkononi, tafuna mswaki kabla hujagusa andazi. Nikotini ya sigara ilikuwa ikikata njaa na kuuchochea mwili uchome nishati zaidi kidogo. Ikiondoka, chakula kinarudi na ladha yake na mdomo unadai kazi. Mimi nilidai karanga, kutwa nzima! Mswaki unaupa mkono na mdomo shughuli isiyonenepesha, na wimbi la hamu kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache. Ladha yake kali nayo huweza kupunguza hamu ya kuongeza sahani.

Mswaki haufui dafu kama una njaa ya kweli: hapo kula mlo kamili, maharage na mboga, si vitafunwa. Fizi zikitoka damu, pumzika, tumia vipande vya tango. Na usianze kujinyima chakula wiki ileile uliyoacha. Vita viwili kwa pamoja vinaweza kukurudisha kwenye sigara.