Unameza dawa ya presha na ya kolesteroli? Kagua dozi hizi

Statini hushusha kolesteroli. Presha huigusa kidogo mno, kwa hiyo usiache vidonge vya presha eti umeanza statini.

Soma jina kwenye pakiti, maana rangi ya kidonge hubadilika kila kiwanda. Ukitumia amlodipini, dawa ya presha, basi simvastatini, ambayo ni aina ya statini, isizidi miligramu 20 kwa siku. Ukitumia verapamili au diltiazemu, nazo ni dawa za presha, simvastatini isizidi miligramu 10. Dawa hizo za presha hupunguza kasi ya ini kuivunja simvastatini, ikarundikana kwenye damu na kudhuru misuli. Umeandikiwa simvastatini ya 40? Usikate kidonge mwenyewe, mwone daktari. Huenda akakubadilishia statini nyingine, rosuvastatini.

Simvastatini humezwa usiku. Misuli ikiuma bila kazi nzito, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.