Nesi unayetaka kupanda ngazi ya juu, anza hivi

Manesi wengi wanaamini ukishapiga miaka mingi wodini utapanda tu, hapana jamani, miaka inakupa uzoefu ila haikupi ngazi. Ngazi ya juu maana yake unampima mgonjwa mwenyewe toka mwanzo, unasema anaumwa nini, unapanga matibabu, na uamuzi huo unaubeba wewe.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema elimu ya chini iwe masta, na linataja njia mbili: muuguzi bingwa wa kliniki anayebobea eneo moja, na nesi praktishona, yaani nesi anayepima na kutibu wagonjwa mwenyewe, hii ya pili ilianzia Colorado kule Marekani mwaka 1965 kwa nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver. Kabla hujalipa ada yoyote uliza baraza la wauguzi la nchi yako kama cheo hicho wanakisajili na kama utaruhusiwa kuandika dawa, kuna watu wanamaliza masta ndo wanagundua leseni haijabadilika hata kidogo.

Sasa daftari la ushahidi, yaani unapoandika kesi zako kuonyesha unavyofikiri, hapa ndo pazito, anza leo. Usiandike "mgonjwa alibadilika, nikamwita daktari", hiyo haionyeshi kichwa chako kilifanya nini. Andika pumzi 28 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 89, miguu imevimba, hana homa, mapafu yote mawili yanakwaruza kwa chini, nikawaza moyo umezidiwa kuliko nimonia kwa sababu hizi na hizi, nikamkalisha wima, nikaweka oksijeni, nikamweleza daktari nachofikiria, na asubuhi eksirei ikasema nini, ulipatia au ulikosea vyote andika. Jina na namba ya faili usiweke kabisa! Kisha mpe daktari au nesi bobezi asome akubane maswali, asikusainie tu.

Uingereza kwa ngazi hii wanaangalia nguzo nne, kliniki, uongozi, kufundisha na utafiti, na wengi wetu tuna hiyo ya kwanza tu. Fanya ukaguzi mdogo wodini, mfano kanula (vimirija vya dripu mshipani) ngapi hazina tarehe ya kuwekwa, wafundishe wenzako, halafu hesabu tena.

Patofiziolojia (ugonjwa unavyovuruga mwili) na famakolojia (dawa zinavyofanya kazi) zipitie mapema, chuoni zinakimbizwa sana.

Na bosi wako akubali kwa maandishi, muda wa masomo, nani atakusimamia, na nafasi gani utapewa ukirudi.